Gari la marehemu baba: nikate bima ipi, na kwa jina la nani?

Assalaam aleikum Bi Mshauri,

Mimi ni mwanamme wa miaka 43, nina mke na watoto watatu, naishi Fuoni. Najua barua nyingi unazopokea ni za ndoa, kwa hiyo yangu huenda ikakuchekesha. Tatizo langu ni gari.

Marehemu baba alikuwa na Morris Minor la mwaka 1965. Ndilo lililotupeleka skuli, na sikukuu ndilo lililotupeleka Mnazi Mmoja, watoto tumejazana kiti cha nyuma na nguo mpya. Alipofariki mwaka 2016 lilikuwa limeshakaa miaka mingi chini ya mshelisheli, sakafu imeliwa na kutu na injini imekwama. Tumezaliwa watatu. Kaka yangu mkubwa anafanya kazi Muscat, dada yetu ameolewa Wete, na mama anakaa kwangu. Nyumba na shamba tuligawana. Gari hakuna aliyelitaja. Kaka alisema tu, "Hilo chuma chakavu, wee lifanye utakavyo."

Mwaka 2021 nikaanza kulitengeneza. Fundi wa bodi Mwanakwerekwe alikata sakafu yote akachomelea bati jipya, akanyoosha milango, likapigwa rangi ile ile ya krimu. Injini ya asili ilitaka spea za kuagiza Uingereza na bei sikuiweza, basi fundi akanitilia 5K ya Toyota iliyotoka kwenye TownAce pamoja na gia boksi yake. Sasa naenda nalo Nungwi na kurudi bila kuchemsha. Kwa jumla zimeingia kama shilingi milioni 17, na sehemu ya pesa hizo zilitokana na bangili za mke wangu. Aliziuza mwenyewe, sikumlazimisha.

Likaanza kuombwa harusini. Mwanzo niliwapa jamaa bure, sasa nachukua laki moja na nusu kwa jioni. Na hivi karibuni hoteli moja ya Kaskazini imenitaka kila wiki niwachukue wageni wao kwa mizunguko na picha. Pesa yao nzuri, ila wanataka nakala ya bima kabla ya kuandikiana.

Bima ninayo, tena bima kubwa. Nilikatiwa na kaka wa mke wangu, ambaye ni wakala. Fomu aliijaza yeye, mie nikatia saini. Ameandika matumizi binafsi, injini kama ilivyo kwenye kadi, na thamani milioni 5, kwa sababu anasema gari la 1965 kwenye kompyuta halina bei. Kadi yenyewe bado ina jina la marehemu baba. Nilipomuuliza kuhusu harusi na injini akanijibu, "Kaa kimya shemeji. Ukianza kueleza eleza watalikataa, au watakupandishia mpaka ujute."

Mwezi uliopita tunatoka harusini bodaboda akatugonga mlango. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi. Nililipa laki nne kwa fundi kutoka mfukoni, bima hata sikuithubutu kuipigia simu. Usiku mke wangu akaniuliza, "Sasa hiyo bima tunalipia nini?" Sikuwa na la kumjibu.

Na juzi kaka kanipigia kutoka Muscat, kaona picha za gari kwenye simu ya mtu. Anasema, "Mashaallah, gari la baba limefufuka! Nikija Disemba nitaliendesha." Ile "gari la baba" ilinichoma. La baba wakati jasho langu?

Nimefikiri kabla hajaja niliandikishe kwa jina langu kimya kimya, kisha nikate bima mpya. Mke wangu ananiunga mkono. Mama hasemi kitu. Lakini nikienda kusema kweli kwenye kampuni naogopa nitakosa bima kabisa na kumtia shemeji matatani. Nikinyamaza, nalala na wasiwasi. Nifanye nini?

Mwenye Morris, Fuoni


Wa aleikum salaam warahmatullah, mwanangu.

Sikucheka. Nimeisoma barua yako, na kila nikifika kwenye bima najikuta nimerudi kwa kaka yako. Unaniuliza uwaambie kampuni au unyamaze. Ila katika barua hiyo hiyo kuna kampuni usiyoiambia, kaka usiyemwambia, dada ambaye amepata mstari mmoja tu, na mama ambaye "hasemi kitu". Nitaanza na bima kwa kuwa hoteli wanasubiri, lakini usije ukaniachia hapo katikati.

Bima ya gari husimama juu ya maneno ya mwenye gari. Kampuni haikuliona Morris lako likiwa na maua ya harusi, imeiona fomu. Na fomu, hata kama shemeji ndiye aliyeijaza herufi kwa herufi, saini ni yako. Siku ya madai mtu wa kampuni atakuja na karatasi hiyo mkononi kutazama kama gari lililogongwa ndilo gari lililoandikwa. Akikuta jambo kubwa limefichwa, jambo ambalo lingewafanya wabadilishe bei au wakatae, wana haki ya kuuona mkataba kama haukuwapo. Ndiyo maana swali la mke wako lilikukosesha usingizi. Ulishajua jibu.

Kwako mambo yaliyoachwa ni manne, na hayana uzito mmoja. Zito kuliko yote, kwa macho yangu, ni matumizi. Kumchukua mpwa wako harusini kwa mapenzi ni matumizi binafsi. Kuchukua laki moja na nusu ni biashara ya kubeba watu, na biashara hiyo ina bima yake kwa sababu ina hatari yake. Fikiri ajali yenye biharusi na somo wake ndani. Swali la kwanza litakuwa walikuwa nani ndani ya gari, la pili walilipa kiasi gani, na harusi ina mashahidi mia mbili. Hata ile sehemu ya mtu wa tatu, ambayo sheria inamlazimisha kila mwenye chombo cha moto kuwa nayo, isikutulize sana. Kampuni inaweza kumlipa aliyeumia kisha ikageuka kukudai wewe. Na usidhani ile bima ya dola 44 ambayo wageni wanalipia wakiingia Zanzibar tangu Oktoba 2024 itakufunika. Hiyo ni ya mgeni, kwa maradhi na masaibu yake ya safari. Gari lako na dhamana yako juu ya abiria haviguswi.

La pili ni injini. Morris la miaka hiyo lilitoka kiwandani na injini ya sisi (cc) 1098. Hiyo 5K ina 1486. Umeongeza zaidi ya theluthi moja, na hakuna ubaya, watu wengi duniani wenye Morris wamefanya hivyo hivyo kwa Toyota za ukoo wa K, kwa sababu zinaingia bila kulichinja gari sana. Lakini niruhusu nikuulize kitu. Umenieleza sakafu, milango, rangi, injini, gia boksi. Breki hukuzitaja hata mara moja. Gari lile lilizaliwa na breki za dramu kwenye magurudumu yote manne, na modeli nyingi za wakati ule hazikuwa na mikanda ya kiti cha nyuma. Pengine fundi alishatia breki za diski mbele na umesahau kuandika tu. Kama hakutia, basi kabla ya bima kuna mazungumzo mengine na fundi wako, na mkaguzi yeyote wa kampuni atauliza hilo hilo.

La tatu ni thamani, na hapa shemeji amekukosesha bila hata ya kukuficha. Umetumia milioni 17, gari limeandikwa milioni 5. Likiungua lote, mwisho wa unachoweza kudai ni hiyo tano. Likiharibika kidogo hali inaweza kuwa mbaya zaidi, maana mikataba mingi ina kifungu cha kulipa kwa uwiano. Tuseme mthamini aseme gari lina thamani ya milioni 15 na wewe umelikatia 5. Umekatia theluthi. Hasara ya milioni 3 unalipwa moja, mbili ni zako.

Lakini na wewe usiishike 17 kama thamani. Hiyo ni gharama. Kuna gari linalotiwa milioni 17 likauzika kwa 10, na kuna linalouzika kwa zaidi. Kwa magari ya aina hii kinachofaa kuuliziwa ni bima ya thamani iliyokubaliwa. Mthamini analitazama, picha zinapigwa ndani, nje na chini ya gari, risiti za fundi zinaambatishwa, mnakubaliana kiasi kabla ya mkataba kuanza, na kiasi hicho ndicho kinacholipwa likipotea lote. Bila makubaliano hayo, bima ya kawaida inatazama bei ya soko siku ya ajali, na kwa Morris hapa Unguja soko lenyewe ni magari mangapi? Kompyuta ya shemeji haikusema uongo, ila haikutengenezwa kwa ajili ya gari lako.

Sasa ile hofu ya kupandishiwa. Tufanye hesabu ya mfano tu. Ukitozwa asilimia 3.5, bima ya gari la milioni 5 ni shilingi 175,000 kwa mwaka, na ya gari la milioni 17 ni 595,000. Tofauti ni 420,000, yaani pungufu ya harusi tatu kwa bei yako. Bado kuna kodi, na kwa kuwa ni gari la kukodisha asilimia itakuwa juu zaidi, sikufichi. Lakini "mpaka ujute" ni neno, si hesabu. Umeshaiona bei halisi kwenye karatasi? Barua yako inasema shemeji amekwambia watalikataa. Haisemi kama kuna aliyewauliza.

Wanaweza kukataa kweli. Kampuni nyingine haitaki kabisa gari la zaidi ya miaka fulani, nyingine itataka ukaguzi wa gereji wanayoiamini, nyingine itakukubalia lakini iondoe abiria wa kulipa. Hizo ni hatari za kusema kweli na huna budi kuzipima. Inafaa ujue tu kwamba wakala huifanyia kazi kampuni, na dalali wa bima humfanyia kazi mteja na anaweza kuzunguka kampuni kadhaa kwa niaba yako. Gari lisilo la kawaida kama lako ni kazi ya dalali zaidi. Ukipendelea utaratibu wa takaful, yaani bima ya Kiislamu, ulizia pia, siku hizi upo, na wenyewe watakutaka useme kweli vile vile.

Ipo njia ya katikati ambayo sijaona ukiitaja: bima ya mtu wa tatu pamoja na moto na wizi. Gari lako siku nyingi limelala bandani, na gari la zamani lenye kabureta na nyaya zilizoungwaungwa hatari yake kubwa ikiwa limesimama ni moto. Bima hiyo ni nafuu kuliko kubwa. Upungufu wake ni kwamba mlango kama ule wa mwezi uliopita ungebaki kuwa wako, nawe laki nne ulizitoa na hukufilisika. Kwa mtu anayeacha biashara na kubaki na gari la familia, njia hiyo ina akili. Kwa anayetaka pesa ya hoteli, haitoshi, na hoteli wenyewe hawataikubali.

Kuhusu shemeji, natofautiana nawe kidogo. Unasema ukisema kweli utamtia matatani. Nani atamtia matatani zaidi, wewe kumfuata leo na kumwambia "naomba turekebishe fomu", au mkaguzi atakayekuta tofauti baada ya ajali? Mkataba unaweza kufanyiwa marekebisho katikati ya mwaka, na mteja aliyejileta mwenyewe hatazamwi kama aliyekamatwa. Leseni ya wakala ni riziki yake, na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, inasimamia Bara na huku kwetu pia. Ila wewe ndiye unayemjua. Ikiwa ni mtu wa kuchukulia maneno kama shutuma, mtangulize mke wako, ni kaka yake.

Nimefika sasa kwenye lile la nne, jina kwenye kadi.

Unafikiri kuandikisha "kimya kimya". Naomba ujiulize hilo linafanyikaje. Kadi ina jina la marehemu. Marehemu hawezi kutia saini ya kuhamisha gari. Basi ama upeleke karatasi za mirathi, ambazo zinawataja ndugu zako na mama, ama kuna mtu atatia saini mahali pa baba. Najua hukukusudia hili la pili. Lakini njia ya kimya kimya mlango wake ni huo.

Na bima haitakuokoa hapo. Kampuni humlipa mwenye maslahi na mali iliyopotea. Gari likiungua, wataandika malipo kwa jina la nani? La marehemu? Watakutaka karatasi za msimamizi wa mirathi, na hapo kaka yako wa Muscat atajua yote, katika siku mbaya kuliko zote za kuyajua.

Tuihesabu mirathi yenyewe kama baba hakuacha mwengine. Mama ana thumni yake. Kinachobaki mnagawana watoto, mwanamme mara mbili ya mwanamke. Likikatwa gari mafungu 40, mama ana 5, wewe 14, kaka 14, dada 7. Kwa hiyo lile gari lililokuwa chini ya mshelisheli lilikuwa lako kwa asilimia 35. Hilo ni gari la 2016, chuma na kutu. Milioni 17 zilizokuja baadaye ni suala jingine, na nadhani hapo ndipo penye kichomi chako. Unahofu kwamba wakiitwa warithi watagawana na jasho lako.

Je, kuna aliyesema hivyo? Kaka kasema "gari la baba". Wewe umesikia "si lako". Inawezekana alikuwa akimkumbuka mzee wake tu, mtu yuko ugenini kaona picha ya utoto wake. Inawezekana pia alikuwa na maana uliyoihofia, siwezi kukuhakikishia kinyume. Maneno yake ya zamani, "lifanye utakavyo", nayo yana sura mbili: alikupa fungu lake, au alikupa ruhusa ya kulitengeneza? Wewe umelichukua la kwanza, yeye pengine alisema la pili, na miaka yote hii hamjaulizana.

Zipo njia za kulimaliza. Mnaweza kukubaliana gari lithaminiwe kama lilivyokuwa siku ya msiba, ukawanunulia mafungu yao. Kwa chuma kile pesa haitakuwa kubwa, ila unahitaji shahidi wa hali yake, picha za zamani au fundi aliyekata sakafu. Mnaweza kuliacha la pamoja na gharama zako zikaandikwa deni. Hapo amani ya sasa inapatikana, lakini kila harusi itakuwa na mahesabu, na watoto wenu watarithi mzozo mkubwa zaidi. Au ndugu wakusamehe mafungu yao kwa maandishi, jambo zuri kama limetoka moyoni na baya kama limetoka kwa aibu ya kukataa. Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana kazi yake ni mirathi, na watu wa pale wameshaona mizozo ya vitu vidogo kuliko gari. Kwenda kwao si kumshitaki kaka.

Kabla ya kaka lakini, kuna wanawake wawili nyumbani mwako. Mama ana fungu kwenye lile gari na hakuna aliyemuuliza. Kunyamaza kwa mama wa Kizanzibari mbele ya wanawe huweza kuwa radhi, huweza kuwa huzuni, na wewe tu ukiwa naye peke yenu utajua ni kipi. Na mke wako aliuza bangili. Zilikuwa zawadi, mkopo au sehemu ya gari? Anakuunga mkono, umesema. Mimi ningependa kujua anaunga mkono nini hasa: gari kuwa lako, au bangili zake kuwa na mahali zilipoandikwa.

Jambo jingine dogo, kwa kuwa Disemba haiko mbali. Kaka akitaka kuendesha, bima yako inamruhusu dereva mwengine? Leseni yake ya Oman itakubaliwa? Na wao kule wanapita mkono wa kulia. Mtu aliyezoea kulia, ndani ya gari la usukani wa kulia lenye breki za mwaka 1965, barabara ya Darajani saa kumi na moja jioni! Huna haja ya kumkatalia. Lakini hilo peke yake ni sababu ya kumpigia simu mapema, na pengine ni mlango rahisi wa kuingilia mazungumzo kuliko neno mirathi. Mwambie unashughulikia bima, na kampuni wanauliza gari ni la nani. Ni kweli tupu, na itamfanya aseme anavyofikiri.

Hoteli nao hawatakukimbia ukiwaambia makaratasi bado yanarekebishwa. Wao ndio walioyaulizia. Harusi ulizokwisha kuzipokea amana, kama zipo, ndizo zinazonishughulisha zaidi. Hukuniambia ni ngapi, wala ya karibu ni lini.